Timu za Roboti Zipewe Hadhi ya Timu za Mpira

Minnesota ni jimbo la hoki ya barafu. Liko kaskazini mwa Marekani, limepakana na Kanada, na baridi yake ni ya kugandisha maziwa hadi watoto wakacheza juu yake. Fainali za hoki za shule za sekondari huko hujaza uwanja na kuoneshwa kwenye televisheni. Ndiyo maana mwaka 2012, ilipobainika kwamba timu za roboti za shule za sekondari za jimbo hilo zimekuwa nyingi kuliko timu za hoki za wavulana, watu walishangaa.

Idadi ile ilivutia macho ya wengi. Jambo zito zaidi lilikuwa pembeni yake. Mwaka huo huo, ligi inayosimamia michezo ya shule za sekondari za Minnesota, ile ile inayopanga ratiba za hoki, kikapu na riadha, ilikubali kuandaa ubingwa wa roboti wa jimbo kwa kushirikiana na FIRST, taasisi inayoendesha mashindano hayo ya roboti. Lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Kuanzia hapo roboti ikawa na tarehe yake kwenye kalenda, bingwa wake, na kumbukumbu yake kwenye vitabu vya ligi. Mwalimu anayeomba ruhusa ya kusafiri na timu yake akawa anaiomba kwa jina la chombo ambacho kila mkuu wa shule anakijua na kukiheshimu.

Nimeanza na Minnesota kwa sababu huku kwetu, Tanzania na Kenya, walimu wa sayansi na TEHAMA wenye vikundi vya roboti wana kilio kimoja, kwamba uongozi wa shule hauwatambui. Ukimsikiliza mwalimu huyo kwa makini, utagundua kwamba pongezi anazipata. Siku vijana wake wanaporudi na cheti, huitwa mbele mstarini asubuhi, shule nzima hupiga makofi, na picha hupigwa na mgeni rasmi. Wiki inayofuata mwalimu anarudi kuomba ufunguo wa maabara kama mtu anayeomba fadhila. Makofi yale hayakuacha kitu chochote kwenye ratiba, kwenye bajeti wala kwenye faili la shule, na kutambuliwa kwa kweli hukaa katika sehemu hizo tatu.

Tuirudie ile taasisi iliyoshirikiana na ligi ya Minnesota. FIRST ilianzishwa mwaka 1989 na Dean Kamen, mvumbuzi wa Kimarekani aliyejipatia jina kwa pampu ya kubebeka ya dawa za wagonjwa na baadaye kwa chombo cha magurudumu mawili cha Segway. Kwa miaka mingi Kamen amekuwa akisema kwamba jamii hupata zaidi kile inachokishangilia, na kwamba vijana wa nchi yake waliwajua wacheza mpira na waimbaji wote lakini hawakuweza kumtaja mhandisi hata mmoja. Hakuona dawa ya tatizo hilo katika mtaala mpya wala kitabu kipya. Alianzisha mashindano, akishirikiana na Woodie Flowers, profesa wa chuo cha MIT ambaye darasa lake la usanifu wa mitambo lilikuwa tayari maarufu kwa pambano la mashine zilizoundwa na wanafunzi. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya sekondari huko New Hampshire, yakiwa na timu 28.

Ukiyatazama mashindano hayo kwa karibu utaona kwamba waanzilishi waliiga kwa makusudi kila kitu ambacho mkuu wa shule tayari anakijua. Kuna uwanja wenye urefu wa takriban mita 16 na upana wa takriban mita 8, umetandikwa zulia. Kuna rangi mbili, nyekundu na bluu, na kila upande una roboti tatu kutoka shule tatu tofauti. Roboti moja yaweza kuzidi kilo 50, na kiunoni imezungushiwa mto wa mbao, sponji na kitambaa ulioandikwa namba ya timu, ili zinapogongana zisivunjane. Kwa miaka mingi mechi ilikuwa ya dakika mbili na nusu. Sekunde chache za mwanzo roboti hujiendesha zenyewe kwa programu iliyoandikwa na wanafunzi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kugusa usukani. Kisha madereva, ambao nao ni wanafunzi, hushika vidhibiti nyuma ya ukuta wa plastiki angavu. Waamuzi huvaa fulana za mistari. Mashabiki hupaka nyuso rangi. Kila Januari mchezo hubadilika, ili asiwepo wa kutumia roboti ya mwaka jana.

Flowers, aliyefariki mwaka 2019, aliongeza sharti lisilo la kawaida katika michezo: ungwana. Timu unayopambana nayo asubuhi inaweza kukuchagua kuwa mshirika wake mchana, kwa sababu katika hatua za mtoano vinara huchagua washirika wao. Kwa hiyo ikitangazwa kwenye kipaza sauti kwamba timu fulani imeunguza mota, wapinzani wake hukimbia na mota ya akiba. Na tuzo ya juu kabisa ya mashindano haya haiendi kwa roboti yenye nguvu kuliko zote. Huenda kwa timu iliyoleta mabadiliko makubwa katika shule na jamii yake. Mkuu wa shule anayeletewa kikombe cha namna hiyo hahitaji kujua tofauti ya kihisi na swichi ili aelewe kwamba kuna malezi yaliyofanyika.

Hata hivyo, kwa miaka mingi timu hizo zilibaki nje ya mlango. Katika shule za Marekani kuna desturi, iliyoanza karne ya 19, ya kumpa mchezaji aliyeiwakilisha shule herufi ya kwanza ya jina la shule. Ni kipande cha kitambaa kizito chenye manyoya mafupi, kikubwa kama kiganja kilichokunjuliwa, na hushonwa kifuani mwa jaketi lenye mikono ya ngozi. Mvaaji wake hutambulika korido nzima. Wanafunzi wa roboti, waliokuwa wakibaki karakana hadi usiku kwa wiki sita mfululizo kila mwanzo wa mwaka, waliuliza swali la haki kabisa: herufi yetu iko wapi? Makocha wao walikwenda kwenye bodi za shule wakiwa na maelezo ya maandishi. Walionesha idadi ya saa za mazoezi na vigezo vya nani anastahili na nani bado, wakataja na wastani wa alama ambao mwanafunzi lazima audumishe ili abaki kwenye timu. Shule moja ikakubali, ya jirani ikaona, nayo ikafuata. Ligi ya Minnesota ilipoingia mwaka 2012 ilikuta shule ambazo tayari zilikuwa zimeanza kuzoea wazo hilo.

Texas ikafuata kwa mtindo wake. Chombo kinachosimamia mashindano yote ya shule za umma za jimbo hilo, kuanzia mpira wa Kimarekani hadi mdahalo na muziki wa bendi, kilianza kuendesha ubingwa wa roboti kwa majaribio katika mwaka wa masomo wa 2015–16. Michigan, jimbo lenye timu nyingi kuliko yote, lilikwenda mbali zaidi na kuziingiza timu za roboti kwenye sheria yake ya fedha za shule. Ruzuku ya serikali ikawa inagusa ada ya kujiandikisha, vifaa, na posho ya kocha.

Naomba tusimame kidogo kwenye posho hiyo ya kocha, maana mara nyingi timu hufia hapo. Mwalimu wa fizikia mwenye vipindi vya kutosha, karatasi za kusahihisha na familia nyumbani, anabaki shuleni hadi jioni na vijana wenye bisibisi. Akifanya hivyo kwa mapenzi tu, timu itaishi kadiri mapenzi hayo yatakavyodumu. Siku uhamisho unapofika, na uhamisho kwa mtumishi wa umma hauna miadi, kikundi kinakufa na boksi la vifaa linapotelea stoo. Shule iliyoitambua timu yake huwa na mlezi wa pili. Ina leja inayoonesha kwamba mota hizi na betri hizi ni mali ya shule, na ina taarifa ya makabidhiano ambayo mwalimu mpya ataisoma. Hayo yote ni makaratasi, tena makaratasi ya kuchosha, na wapenzi wa teknolojia huyadharau. Lakini ndiyo yanayoifanya timu ya mpira iendelee kuwepo hata baada ya walimu watatu wa michezo kuja na kuondoka.

Sasa tumtazame mkuu wa shule mwenyewe, kwa sababu mjadala huu mara nyingi humgeuza kuwa mtu asiyependa maendeleo. Mimi siamini hivyo. Mkuu wa shule ya sekondari ya serikali Tanzania anaongoza shule ambayo tangu 2016 haitozi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Fedha za ruzuku zinakuja na maelekezo ya matumizi, na mchango wowote kutoka kwa mzazi unahitaji utaratibu na kibali. Neno mchango peke yake linaweza kumfikisha kwenye maelezo ya maandishi. Anapimwa kwa matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa. Ni kweli tangu Januari 2023 baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, lakini afisa elimu wake bado anayo majedwali, na wazazi bado wanahesabu daraja la kwanza na sifuri. Huyu ndiye mtu anayefuatwa na mwalimu mwenye shauku, akiwa na mwaliko uliotumwa kwa WhatsApp kutoka taasisi ambayo mkuu hajawahi kuisikia, kwa safari ya siku mbili, wanafunzi wanane, katikati ya muhula.

Mlinganishe na mwalimu wa michezo. Anapokuja kuomba ruhusa ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ana barua ya afisa elimu mkononi. Tarehe zilijulikana mapema. Ngazi zinaeleweka, kutoka kata, wilaya na mkoa hadi taifa. Kuna mwongozo unaosema nani ana sifa ya kucheza, na kuna usafiri ambao mtu fulani ofisini tayari anaufahamu. Mkuu akisema ndiyo, hajajitosa kwenye hatari yoyote binafsi. Kwa mwalimu wa roboti, ndiyo ya mkuu ni saini yake peke yake. Likitokea la kutokea njiani, ataulizwa yeye kibali kilitoka wapi. Tukiacha kumlaumu mkuu na kumwondolea upweke huo, nusu ya safari imekwisha.

Ndipo ninapofikia pendekezo langu kwa wizara zetu. Tanzania inayo UMISSETA kwa sekondari na UMITASHUMTA kwa msingi, na uzoefu wa miongo wa kupandisha vijana kutoka kata hadi taifa. Kenya ina tamasha la kitaifa la maigizo na filamu na lile la muziki, ambayo washindi wake hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais, na ina maonesho ya sayansi na uhandisi ya shule ambayo nayo hupanda ngazi hadi taifa. Njia zimeshachongwa. Haihitajiki sera mpya kabisa ili roboti ipite humo humo, ikiwa na tarehe zake, waamuzi wake na mwongozo wake. Minnesota haikuunda wizara ya roboti. Ilifungua mlango wa ligi iliyokuwepo.

Wakati nao unaruhusu. Tanzania ilizindua toleo jipya la sera ya elimu mwezi Februari 2025, na mkondo wa amali umeshaingia sekondari. Kenya imeingiza kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 Januari 2026, na moja ya njia tatu za kusoma ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wizara zinazosema zinataka vijana wenye ujuzi wa mikono haziwezi kuendelea kuiacha timu ya roboti iwe shughuli ya mwalimu mmoja na marafiki zake. Tena si kwamba tunaanzia sifuri. Young Scientists Tanzania imekuwa ikiwaleta wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam na miradi yao kwa zaidi ya muongo mmoja, na ni moja ya majina machache katika eneo hili ambayo mkuu wa shule akiyaona kwenye barua haulizi ni akina nani. Kwenye FIRST Global, mashindano ya timu za mataifa yaliyoanzia Washington mwaka 2017 na baadaye kupita Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na Athens, vijana wa Kenya na Tanzania wamekwishasimama na bendera zao.

Najua hoja itakayoletwa mara moja: hayo ni ya nchi tajiri. Kwa daraja la juu la FIRST hoja hiyo ina ukweli mwingi, kwani kujiandikisha peke yake hupita dola 5,000 kwa msimu, kabla hujanunua bolti ya ziada wala kulipia basi. Hatulazimiki kuanzia hapo. Kijana anaweza kujifunza kanuni zile zile kwa kibao cha Arduino, mota mbili ndogo, magurudumu, kihisi cha kufuata mstari na betri, vitu vinavyopatikana Kariakoo au katikati ya Nairobi kwa bei isiyofikia hata tone la ada hiyo. Uwanja wa mashindano unaweza kuwa meza mbili za darasani zilizounganishwa na kubandikwa utepe mweusi.

Kuna shule moja ya Marekani ambayo kisa chake kinafaa kusimuliwa kila fedha inapotajwa. Ni Carl Hayden, sekondari ya umma katika mtaa wa watu wa kipato cha chini magharibi mwa Phoenix, Arizona. Mwaka 2004 walimu wawili, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliwapeleka vijana wanne waliozaliwa Mexico kwenye mashindano ya roboti za chini ya maji huko Santa Barbara, California, na wakawaandikisha katika kundi la vyuo vikuu. Roboti yao ilitengenezwa kwa mabomba ya plastiki ya maji, na gundi ya mabomba hayo ilinuka kiasi kwamba wakaipa jina la Stinky, yaani mnuka. Iliwagharimu takriban dola 800. Timu ya MIT ilikuwa na ufadhili wa dola 10,000 kutoka kampuni ya mafuta ya ExxonMobil.

Siku ya mashindano ikakaribia, na sanduku lililobeba vifaa vya umeme likaanza kuvuja. Maji na umeme havikai pamoja. Vijana walitafuta kitu kidogo, chepesi, chenye kunyonya maji kwa nguvu, na Lorenzo Santillan akatumwa dukani kununua tamponi, zile za wanawake kujihifadhia wakati wa hedhi. Kijana wa kiume, kwa aibu zote za umri huo, akaenda akazinunua. Wakazipanga ndani ya sanduku. Roboti ikazama, ikafanya kazi yake, na Carl Hayden ikashinda, MIT ikawa ya pili. Mwandishi Joshua Davis alikisimulia kisa hicho katika jarida la Wired mwaka 2005, akakiandikia kitabu mwaka 2014, na mwaka 2015 kikawa filamu.

Vijana wale hawakuwa na vibali vya kuishi Marekani, na miaka iliyofuata iliwatesa. Oscar Vazquez alihitimu shahada ya uhandisi mwaka 2009, akarudi Mexico kwa hiari ili kutafuta vibali halali, na baadaye akaruhusiwa kurejea, akajiunga na jeshi la Marekani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu watu hukipenda kwa ile sehemu ya tamponi na MIT, wakasahau kilichotangulia: shule ya umma iliyokuwa na chumba, walimu wawili waliobaki saa za jioni, na klabu iliyokuwepo kabla ya mashindano na kuendelea baada yake. Umaarufu wa jarida hauwezi kupangwa. Chumba na walimu wawili vinaweza kupangwa.

Kwa mwalimu anayetaka kumwendea mkuu wake Jumatatu, nina maneno machache. La kwanza ni kwamba usimwahidi ufaulu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brandeis wamekuwa wakiwafuatilia washiriki wa FIRST tangu 2012, wakiwalinganisha na wenzao wasioshiriki, na wameona kwamba washiriki huongeza zaidi hamu ya masomo na kazi za sayansi na uhandisi, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa wasichana. Huo ni ushahidi mzuri, na utumie kama ulivyo. Ukimwambia mkuu kwamba roboti italeta daraja la kwanza, matokeo yakitoka na daraja hilo lisionekane, umejifungia mlango mwenyewe.

Mpelekee karatasi moja. Iwe na majina ya wanafunzi na vidato vyao, siku za mazoezi na saa ya kumaliza, chumba, mlezi na msaidizi wake, orodha ya vifaa, fedha zinatoka wapi, na utaratibu wa usalama. Hilo la usalama liandike kwa undani. Katika mashindano ya FIRST hakuna anayeingia eneo la matengenezo bila miwani ya kukinga macho, hata awe mgeni rasmi. Mkuu akisoma kwamba hata kwenye klabu yako hakuna wa kushika chuma cha moto cha kulehemu bila miwani na bila mwalimu kuwepo, atajua anaongea na mtu mzima anayejali watoto.

Kisha mwite aje aone, na aje siku ya mazoezi ya kawaida badala ya siku ya maonesho. Akute roboti imegoma, vijana wawili wakibishana kama kosa liko kwenye waya au kwenye programu, na wa tatu akijaribu kimojakimoja na kuandika daftarini. Watu wazima wengi hubadilika wakiona mtoto aliyefeli jambo mara nyingi akarudi tena bila kuambiwa. Na akija, mwalimu jizuie kujibu. Waulizwe vijana. Hata Marekani kuna mjadala wa miaka mingi kuhusu timu ambazo wahandisi wazima hujenga roboti na watoto hushika kikombe, na kiongozi makini huligundua hilo kwa swali moja tu kwa mwanafunzi.

Wasichana wanahitaji neno lao peke yake. Katika shule za kutwa, anayeondoka kengele ya mwisho inapolia mara nyingi ni msichana, kwa sababu nyumbani kuna maji, kuna jiko, kuna wadogo zake. Mwalimu akiwaachia wanafunzi wajiunge kwa hiari tu, klabu itajaa wavulana ndani ya muhula mmoja. Barua yenye mhuri wa shule kwa mzazi, inayosema kwamba binti yake ni mjumbe wa timu ya shule na atabaki hadi saa fulani siku fulani, ina uzito ambao ombi la mwalimu kwa simu halina. Hapa kutambuliwa na uongozi kunageuka kuwa tofauti kati ya binti aliyepo na binti asiyekuwepo.

Naona pia hatari upande wa pili, na ingekuwa kosa kuinyamazia. Timu ikishapendwa na uongozi, kishawishi huwa ni kuifanya pambo la mahafali. Huchaguliwa wale wanaoongoza darasani pekee, roboti moja hufungiwa kabatini ikisubiri mgeni rasmi, na mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye alama za wastani lakini mikono ya dhahabu hubaki dirishani akichungulia. Timu za mpira hazichaguliwi kwa alama za hisabati. Roboti inahitaji mwandishi wa programu, fundi wa mbao, mchoraji, mtunza fedha na mwenye ulimi wa kuwaeleza majaji. Mkuu atakayetambua timu ya namna hii awatambue wote hao.

Wakuu wa shule wana vyombo vyao: TAHOSSA kwa sekondari za Tanzania, KESSHA kwa Kenya. Mikutano yao ya mwaka ndiyo mahali pa kulipeleka suala hili, na wa kulipeleka wawe wakuu wenyewe wenye timu zinazofanya kazi, kwa sababu mkuu humsikiliza mkuu mwenzake kuliko anavyoisikiliza taasisi yenye kompyuta za kugawa. TAMISEMI, ofisi inayosimamia shule za serikali za Tanzania, na wizara za elimu za nchi zote mbili zinaweza kuanza na jambo dogo, yaani waraka mmoja unaozitaja timu za roboti kuwa shughuli rasmi ya shule, wenye tarehe za mashindano ya wilaya na jina la ofisa wa kuwasiliana naye.

Nawe mkuu wa shule unayesoma makala hii Jumapili, huhitaji kusubiri waraka huo. Kwenye ubao wa majukumu ya walimu ulioko ofisini, ambapo pameandikwa taaluma, nidhamu, michezo na mazingira, ongeza mstari wa roboti, na mbele yake majina mawili ya walimu. Tenga alasiri mbili kwa wiki kwenye ratiba. Fungua faili. Ufunguo wa maabara mpe mlezi kwa maandishi, na muhula ukiisha mwite aje na taarifa, kama unavyomwita mwalimu wa michezo.